Kengele ya baiskeli na masikio yaliyozibwa: Nani atampisha nani Kihonda?

KWA mtu anayetoka Msamvu kuelekea Kihonda nyakati za jioni, ukingo wa lami ni mali ya kila mtu. Hapo hupita waenda kwa miguu wanaotoka kazini, wanafunzi, wasukuma mikokoteni, bodaboda zinazokwepa foleni, na baiskeli zilizosheheni mkaa, ndizi au madumu ya maziwa. Katika msafara huo baiskeli ndicho chombo pekee chenye mwendo ambacho hakina injini ya kukitangaza. Kinachoitangaza ni kengele iliyofungwa kwenye usukani, na kengele hiyo sasa inakutana na masikio ambayo wenye nayo wameyaziba kwa hiari yao.

Vipokea sauti vya masikioni, au hedifoni kama zinavyoitwa mitaani, si kitu kigeni tena. Kijana anayetembea huku akisikiliza muziki, mahubiri au mpira wa redioni yuko barabarani kwa mwili, lakini masikio yake yako kwingine. Barani Ulaya suala hili limeonekana zito kiasi cha wabunifu kutengeneza kengele za baiskeli zinazolengwa mahsusi kwa mtu aliyevaa hedifoni zenye uwezo wa kufuta kelele. Ni ubunifu wa kuvutia. Hata hivyo, ukiutazama kutoka ukingo wa barabara ya Dodoma, pale Kihonda, unaibua maswali ambayo mbunifu wa Ulaya hakulazimika kujiuliza.

Kwanza ni vyema kuelewa namna hedifoni hizo zinavyofanya kazi, kwa kuwa dhana iliyoenea kwamba "zinazuia sauti zote" si sahihi. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya wazo hili nchini Marekani mwaka 1936: sauti ni wimbi, na wimbi linaweza kuuawa na wimbi jingine lililo kinyume chake. Mahali ambapo wimbi la kwanza linapanda, la pili linashuka, na jumla yake ni kimya. Ilichukua miongo mingi kabla ya wazo hilo kuwa bidhaa. Amar Bose, mhandisi wa Marekani, alianza kulifanyia kazi baada ya safari ya ndege ya mwaka 1978, na kampuni yake ilitoa hedifoni za marubani mwaka 1989, kisha zile za abiria wa kawaida mwaka 2000. Baada ya hapo teknolojia hiyo ilipunguzwa umbo hadi ikaingia katika vidude vidogo visivyo na waya.

Ndani ya kila kidude kuna maikrofoni inayosikiliza kelele za nje na kompyuta ndogo inayotengeneza wimbi la kinyume. Kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi kwa sauti nene na zinazojirudia, kama vile muungurumo wa injini ya ndege au wa jenereta. Kwa sauti nyembamba zinazozidi takriban hezi 1,000, uwezo huo hupungua sana, kwa sababu mawimbi yake ni mafupi na hubadilika haraka mno. Vivyo hivyo sauti ya ghafla isiyo na mpangilio huiwia vigumu kompyuta hiyo kuifuta kwa wakati. Hapo ndipo wabunifu wa kengele wanapopenya: wanatafuta masafa ambayo hedifoni haiyamudu vyema, na mapigo yasiyotabirika.

Msomaji makini atauliza: kama hedifoni haziwezi kufuta sauti nyembamba, na kengele ya kawaida ya baiskeli hulia kwa sauti nyembamba, tatizo liko wapi? Liko kwenye mpira. Kizibo laini kinachoingia ndani ya tundu la sikio, au mto unaofunika sikio zima, huzuia sauti nyembamba bila kuhitaji umeme wowote. Kwa maneno mengine, kompyuta inashughulikia sauti nene, mpira unashughulikia sauti nyembamba, na muziki unafunika kile kidogo kilichobaki katikati.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mji kama Morogoro. Nyingi ya hedifoni zinazouzwa na wamachinga kwa bei nafuu hazina teknolojia ya kufuta kelele, hata pale maandishi ya boksi yanapodai hivyo. Zina mpira na sauti kubwa, basi. Kengele iliyobuniwa ili kuishinda kompyuta itakuwa imemshinda adui ambaye hayupo. Anayepaswa kushindwa hapa ni muziki wa sauti ya juu, na silaha ya kumshinda huyo haijapatikana kwenye usukani wa baiskeli.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ugumu wenyewe. Chukua kengele inayotoa desibeli 85 kwa mtu aliye umbali wa mita moja. Sauti hupoteza takriban desibeli sita kila umbali unapoongezeka mara mbili, hivyo mtu aliye mita nane mbele atapata desibeli 67. Kizibo cha mpira kilichokaa sawasawa kinaweza kuondoa desibeli nyingine 20 za sauti nyembamba. Zinabaki 47, wakati muziki uliomo ndani ya sikio uko desibeli 75 au zaidi. Mwenye baiskeli anaweza kupiga kengele hadi kidole kimuume, na aliye mbele yake asigeuke.

Sasa mweke mwendesha baiskeli huyo katika hali yake halisi. Amebeba magunia mawili ya mkaa nyuma, usukani unayumba, na breki zake ni zile za vyuma virefu zinazobana rimu, ambazo mpira wake umekwisha. Kwa mwendo wa kilometa 15 kwa saa anakwenda zaidi ya mita nne kila sekunde. Akitumia sekunde moja kutambua kwamba aliye mbele hajasikia, na breki zake zikiwa dhaifu, atahitaji takriban mita 10 kusimama. Hawezi kukwepa kulia kwa sababu huko kuna malori ya Dodoma. Hawezi kukwepa kushoto kwa sababu kuna mtaro. Akianguka, mzigo unamwangukia yeye. Ndiyo maana si haki kulichukulia suala hili kama usumbufu mdogo wa watu wanaopenda baiskeli kwa mazoezi. Kwa mbeba mkaa, kutosikika ni hatari ya mwili na ni hasara ya mtaji.

Ipo pia sura ya kijamii ambayo haionekani kwenye maabara za sauti. Mitaa ya Tanzania imezoea kuendeshwa kwa masikio. Muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake, mpaka rangi ya kucha hugonganisha chupa, muuza karanga huchezesha sarafu mkononi, na baiskeli ya aiskrimu huja na muziki wake. Hakuna anayehitaji kugeuka ili ajue nani anapita. Katika miji ya pwani wachukuzi na wasukuma mikokoteni walikuwa wakiita "simile!" ili wapishwe, neno linalotokana na bismillahi na ambalo lina uungwana ndani yake: anayepita anamtaja Mungu kabla ya kumtaka mtu asogee. Kengele ya baiskeli, ambayo Mwingereza John Richard Dedicoat anatajwa kuwa miongoni mwa wabunifu wake wa mwanzo katika miaka ya 1870, iliingia katika desturi hiyo bila shida. Mlio mmoja mfupi ni hodi. Mlio mrefu wa mfululizo kwa mzee aliye mbele ni utovu wa adabu, na wapo wanaoona bora kuita "samahani, mama, napita" kuliko kumpigia mtu mzima kengele kana kwamba ni mbuzi.

Hedifoni zimevunja desturi hiyo kimya kimya. Hodi haina maana pale ambapo mwenye nyumba hayupo. Kengele yenye nguvu zaidi, ya kumshtua aliyeziba masikio, itamshtua kwanza yule ambaye hakuziba: mama aliyebeba mtoto mgongoni, mzee mwenye shinikizo la damu, mtoto wa shule anayeweza kurukia barabarani kwa hofu. Anayetahadharishwa kwa ukali zaidi ni asiye na kosa. Wabunifu wa kengele hawajalitatua hilo, na huenda haliwezi kutatuliwa kwa kengele.

Je, hatari yenyewe ni ya kweli au ni hofu tu ya watu wazima dhidi ya starehe za vijana? Utafiti unaotajwa mara nyingi ni ule uliochapishwa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, ambao walichambua matukio 116 ya waenda kwa miguu waliogongwa wakiwa wamevaa hedifoni kati ya mwaka 2004 na 2011. Asilimia 70 ya waliogongwa walifariki. Theluthi mbili walikuwa na umri wa chini ya miaka 30. Katika asilimia 29 ya matukio, taarifa zilieleza kuwa honi au king'ora kilipigwa kabla ya ajali. Lakini takwimu inayopaswa kusomwa mara mbili na mkazi wa Kihonda ni hii: zaidi ya nusu ya matukio hayo, asilimia 55, yalihusu treni. Treni hupiga honi kubwa kuliko kengele yoyote inayoweza kubuniwa kwa ajili ya baiskeli, na bado haikusikika.

Ikumbukwe kwamba utafiti huo ulitegemea habari zilizochapishwa na kanzidata za ajali, hivyo hauthibitishi kwamba hedifoni ndizo zilizoua. Unachoonyesha ni kwamba sauti ya tahadhari, hata iwe kubwa namna gani, ina kikomo.

Waliosanifu reli ya kisasa ya SGR wanaelekea kulijua hilo. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, mwaka 2024, na huduma hiyo ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Stesheni ya Morogoro imejengwa upande huo huo wa Kihonda. Treni hizo huweza kufikia kilometa 160 kwa saa na hazina ngurumo ya dizeli inayomtangulia dereva. Kama usalama wa wananchi ungetegemea honi pekee, maafa yangekuwa makubwa. Badala yake njia imezungushiwa uzio, na watu na magari hupita juu au chini yake kwa madaraja na vivuko. Reli ya kati ya zamani, iliyofika Morogoro mwaka 1907 wakati wa utawala wa Wajerumani, iliachia kazi kubwa firimbi ya treni na masikio ya mpita njia. Ile ya sasa haimwombi mpita njia asikie chochote.

Tofauti hiyo inastahili kutafakariwa na wanaopanga barabara. Kwa treni, Serikali ilikubali kwamba binadamu husahau, huchoka, huwa kiziwi, huvaa hedifoni, na ikajenga kwa kuzingatia udhaifu huo. Kwa baiskeli na mwenda kwa miguu wa Kihonda, bado wanaachiwa kupatana wenyewe ukingoni, kwa kengele na kwa mluzi.

Nchi nyingine zimejaribu njia ya sheria. Mji wa Woodbridge, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, ulipiga marufuku mwaka 1982 kuvuka barabara ukiwa umevaa hedifoni, miaka mitatu tu baada ya Sony kuanza kuuza Walkman. Ufaransa, kuanzia Julai 1, mwaka 2015, ilipiga marufuku madereva na waendesha baiskeli kuvaa vipokea sauti masikioni, lakini haikuwagusa waenda kwa miguu. Mkataba wa Kimataifa wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani unataka baiskeli iwe na kengele inayosikika kwa umbali wa kutosha, na unakataza isiwe na chombo kingine cha sauti. Walioandika kifungu hicho walichukulia kuwa kusikika ni jukumu la anayepiga kengele peke yake. Masikio ya wengine yalidhaniwa kuwa wazi daima.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, lakini misingi yake iliwekwa kabla hata ya Walkman kuingia sokoni. Kutakuwa na kishawishi cha kuiongezea kifungu cha kumtoza faini mwenda kwa miguu mwenye hedifoni. Ni kishawishi kibaya. Askari wa barabarani ambaye bado hajafaulu kuhakikisha kila abiria wa bodaboda amevaa kofia ngumu hatapata muda wa kukagua masikio ya wapita njia, na akipata, mlango wa rushwa ndogo ndogo utakuwa umeongezeka mmoja. Zaidi ya hayo, anayeonewa huruma katika mjadala huu, yaani mwendesha baiskeli, naye mara nyingi ana kidude kimoja sikioni.

Kuna kundi jingine ambalo mjadala wa hedifoni hulisahau kabisa. Viziwi hawawezi kuvua uziwi wao wanapokaribia barabara. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilikadiria kuwa watu milioni 430 duniani wana upotevu wa usikivu unaohitaji tiba au msaada, na kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa kusikiliza sauti kubwa kupita kiasi. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kimekuwa kikipaza suala la haki zao kwa miongo kadhaa. Barabara ambayo usalama wake unategemea kengele ni barabara iliyomweka kiziwi pembeni tangu siku ilipochorwa. Na kijana anayesikiliza muziki kwa sauti ya juu leo anaweza kuwa mteja wa barabara hiyo kwa namna nyingine atakapofika umri wa miaka 50.

Cha kushangaza ni kwamba Morogoro haikupaswa kuwa nyuma katika jambo hili. Katika miaka ya 1990 mji huo, pamoja na Dar es Salaam, Nairobi na Eldoret, ulichaguliwa kuwa sehemu ya mradi wa majaribio wa usafiri usiotumia injini, chini ya mpango wa sera za usafiri barani Afrika uliosimamiwa na Benki ya Dunia. Wataalamu waliangalia namna watu wanavyotembea na kuendesha baiskeli, wakashirikisha wakazi, na kujaribu vitu rahisi kama vivuko vya pundamilia vilivyoinuliwa na njia tofauti za miguu na baiskeli. Marius de Langen na Rustica Tembele waliyakusanya mafunzo ya mradi huo katika kitabu cha mwongozo kilichotolewa mwaka 2001. Kivuko kilichoinuliwa hakimtegemei mtu kusikia. Kinamlazimisha dereva apunguze mwendo, awe amepigiwa kelele au la.

Tangu hapo mji umekua mno. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 315,866 katika Manispaa ya Morogoro. Ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 470,000. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeelekea pembezoni, Kihonda ikiwamo, ambako viwanja vilipimwa, nyumba zikajengwa, na barabara zikafuata baadaye. TANROADS inasimamia barabara kuu, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia barabara za mitaa. Kati ya mamlaka hizo mbili, ule ukanda wa mita mbili tatu baina ya lami na mtaro, ambao ndio unaopitwa na watu wengi zaidi kwa siku, ndio wenye hatari ya kukosa mwenyewe.

Na shinikizo litaongezeka, kwa kuwa ukimya hauwahusu tena wenye baiskeli tu. Pikipiki na bajaji za umeme zimeanza kuonekana katika miji ya Afrika Mashariki. Umoja wa Ulaya uliagiza kuwa aina mpya za magari ya umeme, kuanzia Julai 2019, na magari yote mapya ya umeme, kuanzia Julai 2021, yawe na kifaa cha kutoa sauti bandia yanapokwenda mwendo mdogo. Bodaboda ya umeme inayopita ukingoni kwa kilometa 40 kwa saa, bila mlio wowote, nyuma ya mtu aliyeziba masikio, itafanya baiskeli ya mkaa ionekane salama.

Hii haina maana kwamba kengele bora haina kazi. Kihonda kuna chuo cha ufundi cha VETA, na kengele ni kazi ya chuma ambayo mwanafunzi wa ufundi anaweza kuitengeneza: bakuli la chuma, nyundo mbili, springi moja. Bakuli kubwa zaidi hutoa sauti nene zaidi, inayopenya mpira wa hedifoni kuliko ule mlio mwembamba wa kengele ndogo zinazouzwa madukani. Baiskeli nyingi za mizigo zinazopita pale hazina kengele kabisa. Ilikatika, au bakuli lake liliibwa, na mwenye baiskeli hupiga mluzi au huita. Kuzirejeshea kengele yoyote ile kungekuwa hatua.

Kinachopaswa kuulizwa ni mpangilio wa vipaumbele. Kwa mujibu wa ripoti ya WHO ya mwaka 2023, watu milioni 1.19 walifariki katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, asilimia 23 kati yao wakiwa waenda kwa miguu na asilimia sita waendesha baiskeli. Sehemu kubwa ya vifo hivyo husababishwa na magari yanayokwenda kasi karibu na watu wasio na kinga. Baiskeli ya mkaa na kijana mwenye hedifoni hugombea ukingo kwa sababu wote wawili wamesukumwa huko na lori. Kengele mpya, hata ikiwa bora namna gani, inaamua tu ni yupi kati yao atakayeshuka mtaroni.

Kengele hizo za Ulaya zikifika Morogoro, zitaanzia kwenye baiskeli za mazoezi za wenye uwezo, ambao hupita asubuhi na mapema barabara ikiwa nyeupe. Mbeba mkaa atafika Kihonda saa kumi na mbili jioni, lori likiwa kulia kwake, akipiga mluzi.